Gari Kuukuu na Njia za Singida

Kila nchi huchagua vyombo vyake vya safari, na chombo kilichochaguliwa na watu wasioijua nchi hukataliwa na nchi yenyewe. Singida, mkoa ulio katikati ya Tanzania, ni mfano mwema wa jambo hili. Kwa muda wa zaidi ya miaka 150 wapagazi na punda, reli na malori ya vita, matrekta na motokaa vimepita humo au kandokando yake. Vingine vikadumu, vingine vikaachwa njiani kuliwa na kutu. Leo mkulima wa alizeti wa Iramba, mwalimu wa Mkalama, au mfanyabiashara wa asali wa Itigi, aliyeweka akiba yake kwa miaka mingi, husimama mbele ya gari kuukuu lenye uwezo wa kusukumwa na magurudumu yote manne, akajiuliza kama alinunue au aliache. Swali lake laonekana kuwa la sokoni tu. Kwa kweli ni swali la historia pia, na historia ya sehemu zile ina jibu lake: bei ya gari si fedha anayopewa muuzaji peke yake, bali ni jumla ya fedha hiyo na gharama ya kuliwezesha gari kurudi nyumbani kutoka kila liendako.

Nchi yenyewe haina budi kutazamwa kwanza. Mkoa wa Singida ulianzishwa mwaka 1963, na eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 49,000. Mvua huanza kunyesha mwezi wa Novemba au Desemba, ikakoma Aprili au Mei. Miezi inayosalia ni ya ukavu na upepo. Udongo wake ni wa namna nyingi. Kandokando ya mji wa Singida, penye maziwa ya Singidani na Kindai, kuna majabali makubwa ya matale na mchanga mwepesi. Upande wa magharibi, chini ya mteremko wa Sekenke, imelala mbuga ya Wembere yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika hugeuka kuwa kama gundi. Upande wa kusini, tangu Manyoni hadi Itigi na mbele yake, kuna vichaka vizito vyenye miti migumu na miiba. Gari lipitalo vyema mchangani laweza kuzama Wembere, na gari zito lisilotishwa na mawe laweza kushindwa na tope. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba anataka gari la kwenda Singida bado hajasema neno. Sharti aseme Singida ipi, na mwezi gani.

Katika karne ya 19, kabla ya gari lolote kufika, misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe ilipita katika pori lililoitwa Mgunda Mkali, baina ya Ugogo na Unyamwezi, katika nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni ya Manyoni na Itigi. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857. Pori hilo liliogopwa kwa uhaba wa maji na chakula, na katika vichaka vya namna ile mbung'o waliwamaliza wanyama wa mizigo. Hivyo chombo cha safari kilikuwa bega la mwanadamu. Mpagazi, na hasa Mnyamwezi aliyesifiwa kwa kazi hiyo, alichukua mzigo wa kiasi cha frasila mbili. Aliyeandaa msafara hakuuliza tu ujira wa mpagazi ni kiasi gani. Aliuliza pia maji yako wapi, chakula kitanunuliwa kwa nani, na nani atakayeshika mzigo wa mtu atakayeugua. Mwenye kuyasahau maswali hayo aliacha mali yake porini. Yapo maswali matatu humo ambayo hayajazeeka hata sasa: njia ni ipi, riziki ya chombo itapatikana wapi, na kikishindwa nani atakiinua.

Wadachi walileta jibu jingine. Reli ya Kati, waliyoanza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilipita Manyoni na Itigi, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Lakini reli hufuata mstari wake, na mtu aishiye mbali na mstari huo bado alihitaji chombo kingine. Vita vya Kwanza vya Dunia vilionyesha ugumu wa kukipata. Mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yalifika Kondoa Irangi, jirani ya Singida kwa upande wa mashariki, wakati mvua za masika zikimwagika. Malori yaliyowafuata yalikwama topeni, farasi wakafa kwa wingi, na askari wakakaa na njaa mpaka wapagazi walipowafikishia vyakula vichwani mwao. Mashine mpya zilishindwa, miguu ya zamani ikashinda. Malori yale hayakuwa mabovu. Yaliletwa tu katika mwezi usiokuwa wao, juu ya udongo usiokuwa wao.

Serikali ya Waingereza iliyofuata ilijenga katika miaka ya 1930 tawi la reli kutoka Manyoni kupita Singida, na katika miaka ya 1940 tawi hilo liking'olewa. Ni miaka mingi baadaye tu njia ya reli ilipojengwa tena hadi mjini Singida. Katika muda huo wote barabara ndiyo iliyokuwa tegemeo la watu, nayo ilikuwa barabara ya udongo.

Ndipo ilipozaliwa motokaa iliyofanana na barabara hizo. Tarehe 30 Aprili 1948, katika maonyesho ya Amsterdam, kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha motokaa iliyoitwa Land Rover. Mfano wake ulichukuliwa katika Jeep ya Wamarekani iliyotumika vitani. Kwa kuwa chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, bodi yake ilitengenezwa kwa alumini, na chini yake ikawekwa chesisi ya chuma cha pua. Injini yake ilikuwa ndogo, lakini nguvu zake ziliweza kupelekwa katika magurudumu yote manne, na ilikuwa na gia za ziada za kwenda polepole kwa nguvu. Baada ya muda mfupi mabwana shauri, mabwana shamba, wamisionari na madaktari wa Tanganyika walikuwa wakiitumia. Ilipofika miaka ya 1950, masista Wakatoliki walipoanzisha hospitali ya Makiungu karibu na Singida, motokaa ya namna hiyo haikuwa tena fahari ya mzungu bali chombo cha kazi: mgonjwa aliyeletwa nayo wakati wa mvua pengine asingefika kwa chombo kingine chochote.

Hata hivyo somo kubwa kuliko yote kuhusu mashine zilizokwisha kutumika halikutolewa na Land Rover. Lilitolewa Kongwa, katika nchi ya Ugogo iliyopakana na Singida, na gharama yake ikalipwa na wananchi wa Uingereza. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulipendekeza kulimwa kwa karanga katika eneo la zaidi ya ekari milioni 3 za Afrika ya Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta mapya hayakupatikana kwa haraka, kwa maana dunia nzima ilikuwa ikijijenga upya baada ya vita. Wakuu wa mpango wakaamua kununua matrekta makuukuu yaliyoachwa na jeshi la Marekani katika visiwa vya Ufilipino. Mengi yalifika yakiwa mabovu, na mengine yakaharibika muda mfupi baada ya kuanza kazi. Baadaye vifaru vya Sherman vikageuzwa na kiwanda cha Vickers kuwa matrekta, vikapewa jina la Shervick.

Makosa yaliyofanywa Kongwa yafaa kutajwa moja moja, kwa kuwa kila moja hurudiwa mpaka leo na watu wenye akiba ndogo. Kwanza, mashine zilinunuliwa kwa sababu zilikuwapo, si kwa sababu zilifaa. Pili, vipuri havikufikiriwa mapema. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa imesongwa, na chuma kidogo kilichokosekana kiliweza kuisimamisha mashine kubwa kwa muda mrefu. Tatu, mafundi walikuwa wachache, na madereva wengi walikabidhiwa usukani kabla ya kufundishwa vya kutosha. Nne, udongo haukuulizwa. Udongo wa Kongwa hukauka kiangazi ukawa kama saruji, na mizizi ya vichaka vyake ikavunja majembe ya chuma. Mpango ulipokomeshwa mwaka 1951, hazina ya Uingereza ilikuwa imepoteza kiasi cha pauni milioni 36. Iwapo dola kubwa yenye wahandisi na fedha iliweza kudanganyika kwa wepesi wa kupata mashine kuukuu, mtu mwenye akiba moja tu hana budi kuogopa zaidi. Dola hupoteza, ikatoza kodi. Yeye hupoteza, na mwanawe akaacha shule.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 magari ya magurudumu manne yaliendelea kuwa zaidi ya serikali, misheni na mashirika ya umma. Toyota ya Japani, iliyoanza mwaka 1951 kutengeneza motokaa iliyokuja kuitwa Land Cruiser, ilitoa mwaka 1960 aina ya 40, nayo ikaja kushindana na Land Rover katika Afrika ya Mashariki. Kisha zikafuata shida za miaka ya 1970: bei ya mafuta ilipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikala fedha za kigeni mwaka 1978 na 1979. Kununua gari jipya au hata kipuri kukawa jambo la vibali na subira. Shida hiyo ilizaa ufundi. Katika gereji za chini ya miti, mafundi walijifunza kufufua Land Rover moja kwa viungo vya nyingine tatu, kuchomelea chesisi iliyokatika, na kuchonga bushi kwa mpira wa tairi kuukuu. Elimu hiyo haikuandikwa vitabuni, lakini ni mali ya taifa. Ndiyo iliyoamua, kwa miaka mingi, ni gari gani litakaloishi na ni lipi litakalokufa: gari lililojulikana na mafundi liliishi.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, ikawaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika uongozi mwaka 1985, mlango ukafunguka zaidi. Miaka iliyofuata ilileta wingi wa magari yaliyotumika Japani. Sababu zake si za siri. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Watanzania, kwa hiyo usukani wa magari yao uko upande wa kulia. Aidha, sheria yao hulazimisha motokaa binafsi kukaguliwa baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka miwili, na gharama za ukaguzi huo huwafanya wengi wauze magari ambayo bado yana nguvu. Gari lililochoka kwa mwenye nyumba wa Osaka likawa gari jipya kwa mwenye duka wa Singida. Kwa mara ya kwanza mwananchi wa kawaida aliweza kufikiria kumiliki chombo ambacho baba yake alikiona kwa bwana shauri tu.

Uhuru wa kununua, hata hivyo, ulileta uhuru wa kudanganyika. Leo magari haya hupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuagiza kutoka Japani, ambako bei huonekana ndogo mpaka mnunuzi atakapohesabu nauli ya meli, ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaopanda kadiri injini inavyokuwa kubwa, kodi ya ongezeko la thamani, na ushuru wa ziada utozwao gari lililopita umri uliowekwa. Ya pili ni kununua kwa mtu aliyelitumia gari nchini, mara nyingi kwa mkono wa dalali. Ya tatu ni mnada wa magari ya serikali au ya miradi iliyokwisha. Gari la mnada huwa limetembea sana katika njia mbaya, na dereva wake hakuwa mwenyewe. Lakini mara nyingi ni la aina ijulikanayo na mafundi. Ikumbukwe pia kwamba gari kama hilo likiingia mikononi mwa mtu binafsi hupewa namba mpya, kwa hiyo herufi za namba hazisemi umri wake. Wengi husifu gari kwa kuwa ni la “namba D”, kana kwamba chuma huzaliwa siku ya kuandikishwa.

Katika uchaguzi wa aina, akili ya mwenye fedha kidogo hupambana na macho yake. Land Cruiser ya aina ya 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, ile ambayo Watanzania huiita “mkonga” kwa bomba lake la hewa lililopanda juu kama mkonga wa tembo, imepata sifa inayostahili. Injini yake ya dizeli ya lita 4.2 iliyotoka mwaka 1990 haina kompyuta, na fundi wa wilayani huweza kuifungua na kuifunga. Lakini sifa hiyo imeifanya ghali hata inapozeeka, na mwenye akiba ndogo akiing'ang'ania hupata iliyochakaa kabisa. Kwake yeye Suzuki Escudo ya zamani au Suzuki Jimny yaweza kuwa busara zaidi: ni nyepesi, kwa hiyo haizami upesi topeni, ina fremu ya chuma na gia za nguvu, nayo hunywa mafuta kidogo. Haichukui magunia mengi, na mwenye magunia ajue hivyo mapema. Toyota RAV4 ina magurudumu manne yenye kusukuma, lakini haina gia za nguvu wala fremu ya namna ile. Yafaa kwa barabara ya changarawe, si kwa Wembere mwezi wa Machi. Magari makubwa ya dizeli yaliyotengenezwa tangu mwanzo wa miaka ya 2000, yenye pampu na nozo zinazoongozwa kwa umeme, ni mazuri sana yakiwa mazima. Lakini mafuta machafu yaliyouzwa katika dumu la kijijini huweza kuyaua, na dawa yake haipo Kiomboi wala Manyoni. Itatafutwa Gerezani, Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kutoka Singida mjini. Kipya kinyemi ingawa kidonda, wamesema wahenga.

Baada ya kuchagua aina, gari lenyewe sharti litazamwe kama mfugaji wa Kinyaturu atazamavyo ng'ombe mnadani, asiyeridhika na urefu wa pembe. Mnunuzi ainame kabla ya kusifu rangi, kwa kuwa ubovu hukaa chini. Bodi ya Land Rover ni ya alumini na yaweza kung'aa juu ya chesisi iliyokwisha kuoza. Nyundo ndogo ikigongwa kwenye chuma itasema kweli. Rangi mpya iliyopakwa uvunguni ni sababu ya kuuliza, si ya kufurahi. Injini iwashwe ikiwa baridi: moshi wa buluu huonyesha kwamba inaunguza oili, moshi mweupe usiokoma waweza kuonyesha maji yaingiayo ndani, moshi mweusi mwingi huelekeza kwenye pampu na nozo. Oili ya difu ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, gari lilipita mtoni na maji yakaingia. Magurudumu manne na gia za nguvu zijaribiwe kwa vitendo juu ya udongo laini, maana wengi wameuziwa magari ambayo ekseli yake ya mbele haijafanya kazi kwa miaka mingi. Namba za injini na za chesisi zilinganishwe na kadi ya gari, na jina la kwenye kadi lilinganishwe na mtu anayeuza. Mwisho, fedha yote isitolewe. Mwenye hekima hubakiza kama theluthi yake kwa mipira, betri, bushi na matengenezo ya mwaka wa kwanza. Asiyebakiza kitu amenunua pambo la uani.

Lipo swali moja zaidi, nalo hupendwa kusahauliwa. Katika miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010 barabara za lami ziliiunganisha Singida na Dodoma, na Nzega, na Babati. Mteremko wa Sekenke, uliowatisha madereva wa malori kwa miaka mingi, hupitwa sasa na mabasi ya kila siku. Mtu ambaye safari zake zote ni za lami hana haja ya magurudumu manne. Akiyanunua, hulipa mafuta na vipuri kwa ajili ya fahari. Lakini lami ni uzi mwembamba juu ya kitambaa kipana. Vijiji vingi vya Mkalama, vya bonde la Wembere na vya misitu ya Itigi bado hufikiwa kwa njia za udongo, na huko mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mvua ya usiku mmoja huweza kumtenga mama mjamzito na hospitali, au kitunguu na soko lake. Katika kijiji cha namna hiyo gari moja zima, hata likiwa na umri wa miaka 30, ni mali ya wote ijapokuwa kadi ina jina la mmoja. Likiharibika, hasara ni ya wote vilevile.

Basi historia haimwambii mnunuzi wa Singida jina la gari la kununua, kwa kuwa majina hubadilika. Land Rover ya umbo lile la kale ilikomeshwa kutengenezwa mwezi wa Januari 2016, na mengine yatafuata. Inamkabidhi maswali yaleyale matatu ya Mgunda Mkali. Njia ni ipi? Riziki ya chombo itapatikana wapi? Kikishindwa, nani atakiinua? Wakuu wa Kongwa walikuwa na mamilioni, wala hawakuyauliza kwa wakati wake. Mwenye akiba ndogo aweza kuyauliza bila kulipa senti.